Lenzi Iliyochongwa Juu ya Dosari

Almasi hukatwa kwa almasi, ndivyo wakata vito walivyojua kwa karne nyingi, na pengine ndiyo maana wengi hudhani kwamba kikwazo cha kuichonga kwa vipimo vya nanomita ni ugumu wake. Sivyo. Ioni za galiamu, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 30 hivi, zikisukumwa kwa volti 30,000 na kukusanywa kuwa mwale mwembamba, hung'oa atomi za kaboni bila kujali ugumu wa jiwe. Kazi yenyewe ni kujua pa kuchonga, kisha kukisafisha kidonda kinachobaki.

Chukua jaribio la Delft, Uholanzi, la mwaka 2015. Kundi la Ronald Hanson lilihitaji fotoni kutoka kwenye dosari moja ndani ya almasi: atomi ya nitrojeni iliyopakana na nafasi tupu. Almasi ni mchoyo wa mwanga. Mwale ukifika kwenye uso bapa ukiwa umeinama zaidi ya digrii 25 hivi kutoka wima, hurudishwa ndani, na kwa hesabu hiyo ni asilimia 4 au 5 tu inayoweza kutokea juu. Dosari ikikaa katikati ya nusu tufe, kila mwale hukutana na uso bila kuinama, ukapita. Ila nusu tufe yenyewe ni ya maikromita chache, na ikikosa kitovu ni bure. Hivyo dosari hutafutwa kwanza kwa hadubini, mahali pake pakapimwa, ndipo ioni zianze kuchimba kuizunguka; seremala naye hutazama fundo la ubao kabla ya kushika patasi.

Wako watakaosema galiamu huharibu kile kile kinachotafutwa. Ni kweli kwamba huacha gamba la kaboni iliyovurugika, lenye galiamu ndani yake. Lakini gamba hilo ni la makumi ya nanomita, dosari iko maikromita kadhaa chini, na asidi kali zinazochemka huling'oa.

Pingamizi zito zaidi ni la kasi: plazma ya oksijeni huchonga maumbo maelfu kwa mpigo, ilhali mwale wa ioni hushughulikia moja moja. Kwa kiwanda, hoja hiyo inashinda. Delft hawakuhitaji maelfu. Walihitaji lenzi chache zilizokaa penyewe. Ili elektroni za dosari mbili zilizotenganishwa kwa kilomita 1.3 ziunganishwe kikwantumu, ilibidi fotoni moja kutoka kila upande inaswe, kwa hiyo mwanga ukipungua mara 10 kila upande, mafanikio hupungua mara 100. Hata kwa lenzi hizo walipata tukio moja na kidogo kwa saa, matukio 245 katika saa 220. Gawanya kasi hiyo kwa 100, na saa hizo zinakuwa 22,000: miaka miwili na nusu ya kupima mchana na usiku.