Mashine na Mizani ya Shairi

Mwaka 1949 kasisi Roberto Busa wa Italia aliiomba kampuni ya IBM mashine za kupanga maneno yote ya Mtakatifu Thomas Aquinas. Mwaka 2019 mhakiki Nan Z. Da akadai kwamba katika uhakiki wa kompyuta yaliyo thabiti yalikwisha kujulikana, na yaliyo mapya si thabiti. Sisi hatuibezi hesabu: washairi wetu huhesabu mizani kwa vidole. Lakini kwa mashine isiyofundishwa sarufi yetu, “nimependa”, “tupendane” na “kipenzi” ni maneno matatu yasiyojuana. Ikifundishwa itayakusanya, nayo ni faida kubwa kwa mwalimu. Haitatuambia ni nani aliyechoka kupenda. Wala tusiisute mashine peke yake: tumepata kuona utenzi mkavu, mizani nane kila kipande, ukapewa darasani alama zote.