Mkono wa Kadhafi

Kwetu Kalengera, kando ya barabara ya taifa namba 2 itokayo Goma kwenda Rutshuru, muuza esanse, yaani petroli, wa rejareja huitwa kadhafi. Utotoni nilipenda kumtazama mmoja wao: mrija wa mpira mdomoni, anavuta, anatema, kisha esanse inashuka chupani, rangi ya chai kavu. Pesa alipokea yeye, lakini hazikulala mfukoni mwake. Jioni alifika mtu kwa pikipiki, hakuzima injini, akahesabu, akaondoka. Aliyemtuma yule wa pikipiki hatukumjua.

Niliikumbuka chupa ile nilipotazama Viva Riva!, filamu ya Djo Tunda wa Munga ya mwaka 2010. Riva anarudi Kinshasa na lori la mafuta ya wizi kutoka Angola. Nyuma anafuatwa na bosi aliyeibiwa, na mjini kuna bosi mwingine. Kwingineko lori hilo lingebeba unga wa kulevya. Munga amelijaza mafuta, na hapo namvulia kofia. Unga una wateja wake. Mafuta yakikauka, kila mtu ni mteja, hata padri. Basi ngazi ya uhalifu inapita katikati ya sebule zetu.

Tena katika filamu hii hakuna anayesimama kutueleza nani mkubwa. Tunaona wenyewe: mdogo anakimbia, mkubwa anasubiriwa. Abebaye mzigo ananuka mafuta. Ajuaye bei ananukia manukato.

David "Tosh" Gitonga naye, katika Nairobi Half Life ya mwaka 2012, amemleta Mwas mjini akitafuta uigizaji. Anaporwa siku ile ile ya kwanza, na punde yumo katika genge la kung'oa vipuri vya magari, kisha magari mazima. Ngazi anaipanda kwa bisibisi, na kila kidato tunakisikia kikilia.

Wapo wasemao hadithi hizi zinafundisha wizi. Hadithi mbovu, labda: humvisha jambazi miwani myeusi, ikasahau mikono yake. Fundi huanzia mikononi. Vidole vya kadhafi wetu vilikuwa vimebabuka, na usiku aliuza kwa mwanga wa koroboi, hatua mbili tu kutoka kwenye bidoni. Wa pikipiki alisimama ng'ambo ya barabara.