Halijagonga Wala Kugongwa

Kwa miezi saba nililipwa shilingi 150 kwa kila tangazo la gari nililoandika. Yadi moja iliyo kando ya Ngong Road ilikuwa ikinitumia picha kwa WhatsApp, kumi na mbili hivi, pamoja na mwaka wa gari, cc za injini na bei, nami nairudishia aya moja kabla ya saa nne asubuhi. Gari lenyewe sikuwa naliona. Nilikuwa chumbani kwangu Kawangware na bando la siku moja. Matangazo yalipita 300. Kwa hivyo nikidai kwamba hii ndiyo fasihi inayosomwa zaidi Nairobi, ujue nina maslahi yangu hapo.

Lakini angalia watu. Kuna wasee ambao hawajamaliza riwaya tangu ile ya kidato cha nne, na usiku wako kitandani wanasoma matangazo ya Mercedes C-Class na BMW 3 Series, hata kama kesho watapanda matatu ya kusimama. Wanajua tofauti ya C180 na C200. Wanajua ni mwaka gani taa zilibadilishwa sura. Wanasoma kwa makini kuliko profesa yeyote aliyewahi kunifundisha kabla niache chuo mwaka wa tatu, na bado hakuna anayeyahakiki maandishi haya. Tunahakiki mashairi yaliyosomwa na watu arobaini, na aya inayomtoa mtu milioni nne tunaiacha ipite.

Matangazo haya huandikwa kwa Kiingereza, hata kama mwenye yadi anaongea Kiswahili kutwa nzima. Njia yangu ya kuyahakiki ni kuyatafsiri nione kama yatasimama. Mengi yanaanguka. Kiingereza cha yadi hakina vitenzi. Kina majina na sifa zilizopangwa kama nyanya za mama mboga, zile nzuri juu. Kiswahili hakikuachi hivyo. Kitenzi chake kinataka kujua nani alifanya na alifanya lini.

Chukua ile sifa ya gari la mwanamke. Kwa Kiingereza ni maneno mawili na yanabeba hadithi yote: gari lilioshwa, halikukimbizwa, lilienda kazini na kanisani likarudi. Kwa Kiswahili inabidi niandike "lilikuwa la mwanamke", na msomaji anauliza papo hapo, mwanamke gani? Gari limeshuka melini Mombasa wiki tatu zilizopita. Aliyelimiliki kwanza aliishi Japani na hakuna mtu wa yadi aliyewahi kumwona. Mimi nimeandika sifa hiyo mara nyingi, na mwanamke pekee niliyewahi kumthibitisha ni yule wa Kijapani anayezungumza ukiwasha gari, anayekukumbusha kwamba hujaingiza kadi ya kulipia barabara. (Tangu Expressway ifunguliwe 2022, angalau anaongea kitu kinachotuhusu.) Mamangu ana miaka 52 na hajawahi kumiliki gari. Lakini ukisoma matangazo yangu utadhani wanawake ndio wenye sedani zote za mji huu.

Au chukua "limetumika hapa". Gari la Nairobi, lenye mwenyewe unayeweza kumpigia simu, lenye fundi anayelijua, linatangazwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri jambo. Lililotumika Japani linapigiwa vigelegele: limeingia juzi! Kilichoingia juzi ni mwili tu. Gari lina miaka saba. Hata namba ya KD inasema siku lilipopata makaratasi ya Kenya, haisemi siku lilipozaliwa. Ni kama shujaa wa hadithi anayefika kijijini bila wazazi, na kijiji kinampenda kwa sababu hiyo hiyo.

Sentensi iliyonifikisha kwenye makala haya ni nyingine, na ni yangu.

Anko wangu, ndugu mdogo wa baba, alikuwa mwalimu mkuu kule Uthiru. Alistaafu akiwa na miaka 60. Ndiye aliyenilipia karo mihula miwili ya mwisho niliyosoma, na siku niliyoacha hakunigombeza. Aliniuliza tu kama vitabu nimevirudisha maktaba. Mwaka 2025 pesa zake za uzeeni zilipoingia, akachanganya na hisa za sacco, na akatangazia familia kwamba ananunua Benz. Shangazi akaenda jikoni.

Ili umwelewe anko lazima ukumbuke alikuwa na miaka kumi mwaka 1974. Neno "Wabenzi" tulilitunga sisi Waafrika Mashariki: unachukua wa- ya Wakamba na Waluhya, unaibandika kwa Mercedes-Benz, unapata kabila jipya lisilo na kijiji. Neno lilikuwa la kejeli, ila mtoto aliyesimama kando ya barabara na vumbi la msafara wa waziri mdomoni hakusikia kejeli. Alisikia kabila ambalo mtu angeweza kujiunga nalo. Mwaka 2009 serikali iliwaambia mawaziri waache magari makubwa waendeshe Volkswagen Passat, cc zisizozidi 1,800, kama ishara ya kubana matumizi. Anko anapenda kukumbusha kwamba C180 anayoitaka ina cc 1,595. "Hata ya kutubu ilikuwa na injini kubwa kuliko yangu," anasema.

Jioni moja akanitumia picha ya tangazo. "Mami, wewe ulisomea maneno. Nisomee hili."

Nilisoma. C180 ya 2018, rangi ya fedha, kilomita 61,000, milioni 3.9, bei inazungumzika kidogo. "Linapanda Limuru Road bila kuhema." Hiyo ya kuhema niliitunga mimi, nakumbuka nilijipongeza. Mstari uliofuata pia ulikuwa wangu: halina ajali.

Hebu tuukae huo mstari. Kwa Kiingereza ajali inakuwa kitu ambacho gari linacho au halina, kama redio. Kwa Kiswahili siwezi kupita hivyo hivyo. Nikisema "halijagonga", ile -ja- imebeba "bado" ndani yake, kama kusema mtoto hajatembea, subiri kidogo. Nikisema "halikugonga" unaniuliza siku gani. Nikitaka kuapa lazima niseme "halijawahi kugonga", na hapo nimejifunga kuanzia siku lilipotoka kiwandani. Halafu sijamaliza, kwa sababu gari linaweza kuwa limesimama zake mahali likagongwa. Kwa hivyo kiapo kamili ni halijawahi kugonga wala kugongwa. Sentensi ndefu, na huwezi kuiandika ukiwa Kawangware na picha kumi na mbili. Mimi niliandika ile fupi.

Sikumwambia anko usiku ule. Nilimwambia tu twende na fundi.

Fundi tulimtoa Grogan. Ramani inaiita Kirinyaga Road, lakini ukimwambia mtu wa tao Kirinyaga Road atafikiri unaenda kaunti. Barabara hii na ile yadi ziko mwendo wa matatu moja na nusu, lakini ni kama dini mbili. Kule Ngong Road gari ni zima, linang'aa, halina sehemu. Huku Grogan hakuna gari, kuna sehemu: taa, bampa, gia, vioo vimeegemezwa ukutani. Watu wake wanajua kila kitu kinaweza kufunguliwa, na kwa hivyo kila kitu huenda kilishafunguliwa.

Alikuja yadi na mashine yake ya kompyuta, lakini hakuanza nayo. Alianza na bolti. Akafungua boneti, akaweka tochi pale inaposhikana na mwili wa gari, akaniita. "Siste, ona hapa. Rangi imekwaruzwa kwa kona za bolti. Kiwandani hawakwaruzi." Akazunguka kupima nafasi kati ya fenda na mlango, kulia na kushoto, kwa kidole. Akasoma maandishi madogo kwenye taa za mbele. "Hizi si mapacha. Hii ya kushoto imezaliwa nyuma." Kijana wa yadi akatoa sumaku mfukoni kuonyesha hakuna plasta ya mwili iliyopakwa. Fundi akacheka. "Sumaku haiwezi shika hii boneti hata ikiwa mpya. Ni aluminiamu. Mzee, usinunue kitu na sumaku."

Sijawahi kusikia uhakiki bora kuliko huo, na nimekaa madarasani. Hakusema gari ni baya. Alionyesha mahali ambapo maandishi yanasema kitu kimoja na mwili unasema kingine, akaacha hapo.

Tukaomba karatasi ya mnada. Kabla ya gari la Japani kuuzwa mnadani kule, mkaguzi hulizunguka na kujaza karatasi moja: alama ya jumla pembeni, na katikati mchoro wa gari likitazamwa kutoka juu, umejaa herufi. A ni mkwaruzo, U ni pale palipobonyea, W ni palipotengenezwa na bado panaonekana, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Namba ya mbele yake ni ukubwa. Hakuna sifa hata moja. Yadi ilisema karatasi ilipotea. Kwa namba ya chesisi na ada ndogo kwa wakala, ilipatikana siku ya pili. Pale pa alama paliandikwa R, yaani gari lililowahi kuumia na kutengenezwa. Mbele kushoto, XX, XX.

Nitasema wazi: katika makaratasi yote yaliyofuatana na gari lile, tangazo langu likiwemo, hilo ndilo lililoandikwa na mtu aliyeliona.

Makaratasi mengine yana ukweli wao, ila ni wa mamlaka. Cheti cha ukaguzi kabla ya kupakiwa melini kinasema gari linafaa barabarani, na linafaa. KEBS inataka gari lisizidi miaka minane, na mwaka ule lililosajiliwa kabla ya Januari 2018 lilikuwa halikubaliwi. Hili lilipita kwenye tundu la sindano. KRA nayo ina hesabu yake, ambayo anko aliifanya nyuma ya bahasha kama bado yuko darasani. Chukua thamani ya 1,000,000. Ongeza ushuru wa forodha asilimia 35. Juu ya hiyo jumla, ushuru wa bidhaa asilimia 25, maana cc zimepita 1,500. Juu ya yote, VAT asilimia 16. Unapata 1,957,500, na ada ndogondogo bado. "Kumbe nusu ya Benz ni barabara za serikali," akasema. Hakuna tangazo linalotaja hilo. Bei hutokea mwisho wa aya kama imeshuka na mvua.

Tulikuwa ndani ya Premio yake, tumekwama Dagoretti Corner, nilipomwambia ni mimi niliyeandika tangazo. Hakugeuka.

"Gari uliliona?"

"Hapana, anko."

"Basi hukuandika, mami. Ulinakili."

Hiyo ilinichoma kuliko angenigombeza. Miaka thelathini na tano amesahihisha insha, anajua kutofautisha. Tukafika Kangemi hatujaongea tena.

Nilidhani ataachana na gari. Wiki iliyofuata alirudi yadi na ile karatasi imekunjwa ndani ya Biblia, pamoja na fundi, ambaye alishaitambaa chini na kusema Wajapani wameshona vizuri, chesisi imenyooka. Akanunua kwa milioni 3.4. Shilingi 500,000 zilitoka kwa herufi nne za mtu wa Japani. Yadi haijanitumia picha tangu siku hiyo, na hapa sina la kulalamika.

Nilimuuliza kwa nini amechukua gari alilodanganywa. Akasema gari halikumdanganya. Akaniambia pia kwamba nina kazi moja, bila malipo: kuiandikia Premio yake tangazo, kwa Kiswahili, na niende nikaione kwanza. Nikaizunguka saa nzima na daftari, yeye akiwa kwenye kiti mlangoni akijibu maswali. Hii hapa:

"Toyota Premio ya 2008, cc 1,496, nyeupe. Iliingia Kenya 2015. Mwenye kuiuza ndiye aliyeinunua ilipoingia. Imetembea kilomita 188,000 kwa mita. Iligongwa nyuma na matatu Kangemi mwaka 2019. Bampa na buti vilibadilishwa Grogan, na rangi ya buti haijalingana sana ukiangalia juani. Haijawahi kugonga. Eesi haitoi baridi. Kiti cha nyuma kina alama ya wino wa kalamu nyekundu. Shoka zilibadilishwa mwaka jana, risiti ipo. Bei ni 720,000. Njoo na fundi."

Watu kumi na mmoja walipiga simu ndani ya siku tatu. Wa kwanza alikuwa mwanaume wa Lavington, mpole, amesoma mpaka mwisho.

"Siste, asante kwa kueleza. Swali moja tu. Hii gari ilikuwa ya mwanamke?"

Nikamwambia ilikuwa ya mwalimu.

Akanyamaza kidogo. "Mwalimu mwanamke?"