Marufuku ya Kutembea na Pumzi ya Mwanagenzi

Katika mbio za asubuhi za vikundi zinazoanzia Mwenge, jijini Dar es Salaam, zikafuata Barabara ya Sam Nujoma na kupanda kuelekea Chuo Kikuu, njia huchaguliwa vyema, viungo hupashwa moto na jua huwahiwa. Kinachoharibu kazi hiyo ni uamuzi mmoja unaotolewa pale mwinuko unapoanza, yaani kiongozi kutangaza kwamba hakuna kutembea, na mwanagenzi wa juma la kwanza akalazimika kupanda kwa mwendo wa wazoefu. Uamuzi huo ni kosa la kiufundi, hata ukipewa jina la nidhamu.

Mwinuko huongeza kazi ya misuli hata kasi ikibaki ileile, hivyo mahitaji ya oksijeni hupanda na mwanagenzi huvuka kizingiti cha laktati, yaani kiwango cha juhudi ambacho, kikipitwa, zao hilo la uvunjaji wa sukari hurundikana katika damu upesi kuliko mwili unavyoweza kuliondoa. Kupumua hugeuka kuhema, miguu huwa mizito, wengine hushikwa na kichomi, na aliyefika juu kwa namna hiyo hujikokota tu katika kilomita zilizobaki. Stamina ya anayeanza, yaani uwezo wake wa kudumisha juhudi kwa muda mrefu, hujengwa hasa chini ya kizingiti hicho, ambako moyo huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na ndani ya misuli huongezeka kapilari, ambazo ni mishipa myembamba kabisa ya damu, pamoja na mitokondria, ambazo ni sehemu za seli zinazotumia oksijeni kuzalisha nishati. Mabadiliko hayo yanahitaji muda, na dakika 30 za kukimbia na kutembea kwa zamu huyapa muda ambao dakika chache za kufukuzana mlimani haziwezi kuyapa.

Hasara ya pili huchelewa kuonekana, kwa sababu pumzi huimarika mapema kuliko kano, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, na kano ya kisigino hubeba mzigo mkubwa zaidi mtu anapopanda. Anayejisikia mzima kifuani huweza kuwa tayari anajiumiza mguuni, na kutembea mlimani ndiko kungemkinga.

Watetezi wa marufuku hii hupenda kumtaja Filbert Bayi, mkimbiaji wa Tanzania, ambaye katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch mwaka 1974 aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.16. Bayi alikuwa na msingi ambao wanagenzi hawajauonja, na hata yeye, katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, aliongoza kwa mbali kisha akapitwa na Bronisław Malinowski wa Poland katika mzunguko wa mwisho. Ikiwa kasi ya mapema ilimgharimu bingwa wa namna hiyo, haifahamiki mwanagenzi anatarajiwa kuilipia kwa kitu gani. Aidha, aliyeeneza utaratibu wa kuchanganya kukimbia na kutembea ni Jeff Galloway, mkimbiaji wa mita 10,000 wa Marekani katika Olimpiki ya mwaka 1972, ambaye hakuna awezaye kumwita mvivu.

Spika ya muziki inayotangulia vikundi ikiwa juu ya bajaji nayo huficha kuzidiwa huko kwa mwanagenzi. Mchakamchaka wa zamani, yaani mbio za pamoja za shuleni na jeshini zilizoendeshwa kwa wimbo wa kuitikiana, ulikuwa na kipimo ndani yake, kwani anayeweza kuitikia bila kukatika kwa kawaida hajavuka kizingiti, na aliyenyamaza alijulikana mara moja kuwa amezidiwa. Spika huimba hata wakimbiaji wote wakiwa wamekata pumzi. Kwa hiyo vikundi vinavyotaka wanagenzi wao wadumu viizime, viwape kiongozi wao wa nyuma, na viruhusu kila asiyeweza kuitikia atembee hadi sauti yake irudi.