Pongezi kwa Mwenye Nyumba ya Wageni, Kisangani

Karibu na maporomoko ya Wagenia, mahali ambapo mpelelezi Stanley aliweka kituo chake mwaka 1883, na ambapo mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, mashuhuri kwa lakabu ya Tippu Tip, alikuwa liwali kuanzia mwaka 1887, nilifikia katika nyumba ndogo ya wageni, na mwenyewe akanilaki mlangoni: “Karibu, baba, weka mzigo, maji ya kuoga yako tayari.” Lituma ililetwa ikifuka mvuke, ndizi zilizotwangwa hata zikalainika, pamoja na samaki wa mtoni. Naikiri kazi hii ya kulaki wageni kuwa fani adhimu, maana kuitambua haja ya msafiri kabla hajaitamka hakupatikani ila kwa moyo mkunjufu na mazoea ya miaka. Usiku umeme ulipokatika, kabla sijanena neno, taa ilikwisha wekwa kando ya kitabu changu.