Mfinyanzi Hulia Gae

Methali hiyo tuliikariri shuleni kama utani. Nenda Oyugis, Homa Bay, au Rongo kule Migori siku ya soko, utaona ni hesabu kamili.

Sisi vijana wa Nairobi siku hizi tunapenda vitu vya "asili". Dapi, mtungi wa maji wa Wajaluo, imekuwa pambo la sebule, na kadi yake inajisifu kwamba imetokana na Ziwa Victoria. Wacha wee! Ziwa halifinyangi. Kuna mama aliyechimba udongo, akaupandisha pete juu ya pete kwa mkono, akausugua kwa kokoto hadi ukang'aa, akauchoma nje kwa kuni na nyasi. Jina lake kwenye kadi? Hakuna.

Sasa mtazame Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, 1950. Naye hujenga kwa mkono na kusugua. Alipata cheo cha Dame mwaka 2020, na kazi zake ziko British Museum. Mbinu zao ni ndugu, lakini chungu chake ni cha Odundo. Cha Oyugis ni cha "jamii".

Sisemi vyungu vyote viko sawa. Vibovu vipo, tena vingi. Ndiyo maana nataka jina: bila jina humsifu mtu, humkosoi, wala huwezi kurudi kuagiza kingine.

Kwa hivyo dukani uliza tu: nani kafinyanga? Muuzaji akikosa jibu, basi hiyo bei unamlipa nani?