Kina Kinapokwaruza

Nina santuri moja ya taarab, ile kubwa ya inchi 12, ambayo wimbo wake wa mwisho upande wa pili umenikera kwa miezi. Fidla safi, ganuni safi, ila mwimbaji akifika kwenye "si" sauti inapasuka kana kwamba anakitemea mate kipaza sauti. Fundi mmoja akanambia santuri imekwisha, niitupe. Sikuitupa. Niliisikiliza kama ninavyosoma shairi: kasoro inaangukia wapi, na kwa nini pale.

Inaangukia kwenye kina. Wimbo una mizani nane kwa nane. Ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, unaishia na "ni"; utao, nusu ya pili, na "si". Na mwimbaji wa taarab harefushi konsonanti, huvuta irabu. Ile "s" ni hodi tu kabla ya "i" anayoivuta na kuipinda anavyotaka. Basi mvuto wenyewe unatoka laini kabisa. Kinachochanika ni hodi, tena mahali ambapo sikio limeshakaa tayari tangu mwanzo wa mshororo. Mkwaruzo huohuo ungeangukia neno la katikati, labda nisingeushtukia.

Umbo la santuri nalo lina lake. Inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mwanzo hadi mwisho, lakini duara la nje ni kubwa na la ndani ni dogo. Ukingoni mfereji hupita chini ya sindano sentimita 50 hivi kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 21 tu. Mtetemo mmoja wa "s" ya mitetemo 7,000 kwa sekunde, uliojinyoosha milimita 0.07 kule nje, huku ndani umebanwa kwenye 0.03. Sindano yangu ina ncha ya duara, ya bei rahisi, na vikunjo vidogo namna hiyo haivienei. Ndiyo maana "sha" za beti zilezile, ambazo mlio wake ni mzito kidogo, zilipona.

Nyimbo za mwanzo zina "si" tele, na hakuna hata moja inayouma. Nikaacha kuishuku santuri, nikashuku mkono unaobeba sindano. Kuupima uzito: gramu 1.2, ilhali katriji, kile kikasha cha sindano, inataka 1.8. Niliupunguza mwenyewe, eti naitunza santuri! Kumbe sindano nyepesi ndiyo inayochana, maana hurukaruka na kuzigonga kuta za mfereji. Nikarudisha uzito, mkwaruzo ukapungua nusu. Katriji nayo ilikuwa imekaa upande. Nikalegeza skrubu zake mbili, nikaisogeza mbele unene wa ukucha, nikaipanga juu ya karatasi ya vipimo.

Sasa ubeti wa kwanza unatoka na "s" kali, lakini ni "s". Ule wa mwisho kabisa, unaogusana na lebo, bado una mchanga kidogo, na haupungui hata nikiisafisha santuri. Mchanga huo nadhani niliutia mwenyewe, ile miezi ya gramu 1.2.